Hema Lisikae Karibu na Spika

Kila Machi 8 inapokaribia, vijana wanaopewa kazi ya kuandaa sherehe ya Siku ya Wanawake huniuliza swali lilelile: "Mama, tuanze na nini?" Nawajibu waanze na hema. Wao wangependa tuzungumze jukwaa, mapambo, keki, kiti cha mgeni rasmi na rangi ya kitenge cha sare. Mimi nataka kujua hema la kupimia afya litasimama wapi, mlango wake utatazama upande gani, na spika zitakuwa umbali gani. Mimi ni nesi mkunga hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya viwanjani, chini ya turubai, ngoma ikilia nje.

Sababu ya kuogopa spika ni hii. Katika sherehe moja hema letu liliwekwa hatua chache kutoka jukwaani, ili "huduma zionekane". Mshereheshaji, kijana mchangamfu asiye na nia mbaya hata kidogo, akashika kipaza sauti: "Kina mama msiogope! Hema la saratani ya mlango wa kizazi hili hapa kulia kwangu, na wawili wale pale nawaona wanaingia, tuwapigie makofi!" Uwanja mzima ukageuza shingo. Wale wawili wakageuka pia, wakaelekea kwenye soda. Siku ile tulikunja kitanda chetu karibu kama tulivyokikunjua. Tanga ni mji, lakini ukifika Ngamiani au Makorora kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu. Mwanamke akionekana anaingia mahali palipotangazwa ugonjwa wa sehemu za siri, kabla jua halijazama mtaani ameshapewa ugonjwa, na mumewe ameshaulizwa kaupata wapi.

Tangu hapo nilianza kudai jambo moja, na nimelidai mpaka waandaaji wengine wananiona msumbufu: mlango uwe mmoja kwa huduma zote. Ukiingia unakuta meza ya presha, meza ya sukari, mizani, dada wa uzazi wa mpango, meza ya kufundishwa kujikagua matiti, na huko ndani kabisa, nyuma ya mapazia mawili, kitanda. Aliye nje anaona tu mama fulani kaingia kupima presha. Na wengi kweli huingia kwa ajili ya presha. Akishakaa, akishaona sura ya mtu mzima mwenzake, akishasikia namba zake za presha na kupumua, ndipo huuliza kwa sauti ya chini, "Na kile kipimo kingine, kinauma?"

Hakiumi, ila kinaudhi. Niseme wazi namna kinavyofanyika, maana nusu ya woga hutokana na kutokujua. Mama analala chali, miguu imekunjwa. Nesi anaingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, ili auone mlango wa kizazi. Anapaka siki nyepesi, asidi ileile ya siki ya achari, anasubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na macho ya aliyefundishwa huiona. Basi. Hakuna sindano, hakuna kukatwa, na hakuna cha kutumwa maabara. Mabadiliko hayo bado si saratani. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho mzizi wa karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hukaa miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kabla ya kuzaa ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana tunawataka wanawake wa miaka thelathini hadi hamsini, wakiwa wazima, hawana dalili yoyote. Anayekuja kwa sababu anatoka damu baada ya tendo la ndoa au ana uchafu wenye harufu, mara nyingi amechelewa. Hapa kwetu Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake, na wengi wao hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Inaniuma kila nikifikiria kwamba kati ya saratani zote, hii ndiyo inayotupa nafasi ndefu kuliko nyingi ya kuiwahi.

Mtu aliyenifundisha zaidi namna ya kuliendesha lile pazia la pili si daktari. Ni kungwi. Mama mtu mzima, amewacheza wari wengi, na kwake mwili wa mwanamke ni habari ya kawaida kama habari ya ukoko wa wali. Nilimwomba aje akae hemani ili kina mama wamwone mtu wanayemwamini. Saa ya kwanza akaniita pembeni: "Mwanangu, hicho kidude unakiingiza kikiwa cha baridi? Na mbona mtu unamvua nguo kama anapimwa jeshini?" Akaagiza kanga. Mama akilala, anafunikwa kanga yake mwenyewe kutoka kiunoni hadi magotini, na spekulamu ya chuma inawekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Akakaa kichwani pa kitanda, akawa anaongea nao habari za arusi na bei ya nazi huku mimi nafanya kazi yangu. Foleni ikaenda. Miaka yote nilikuwa nimesikia semina za "kuondoa vikwazo" bila mtu yeyote kutaja kanga.

Jambo linalotutia tabu hadi leo ni mabibi. Kwenye sherehe hizi wanaojitokeza kwa wingi na bila haya ni waliokwisha kumaliza hedhi. Hawana cha kuficha, hawana mume wa kuuliza, na muda wanao. Sasa kipimo cha siki hakiwafai sana. Baada ya ukomo wa hedhi ile sehemu tunayotakiwa kuiangalia huwa imerudi ndani ya mfereji wa kizazi, macho hayaioni, na ukimwambia "uko salama" utakuwa umemdanganya. Hao wanahitaji kipimo cha kuchukua seli au cha kutafuta kirusi chenyewe. Jaribu kumweleza hayo bibi aliyekaa juani tangu asubuhi, aliyeimba, aliyecheza, na zamu yake imefika. Mmoja aliniambia, "Kwa hiyo serikali imenichoka." Nilimpima presha, nikamkuta nayo juu sana, nikampeleka zahanati kesho yake, na hiyo ndiyo iliyomfanya anisamehe. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha kirusi cha HPV kiwe ndicho cha kwanza, na uzuri wake mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, hata chooni kwake. Siku kitakapopatikana kwa wingi mitaani, lile pazia langu la pili litakosa kazi, nami sitalililia.

Tukikuta weupe mdogo, tunatibu palepale. Zamani ilikuwa mtungi wa gesi wa kugandisha, mzito, unabebwa na vijana wawili na ukiisha njiani siku imekwisha. Siku hizi kuna kifaa cha mkononi kinachotumia joto, unaweza kukitia kwenye mkoba. Shida haiko kwenye kifaa. Shida ni kwamba baada ya matibabu mama anatakiwa asikutane na mumewe kwa muda wa wiki nne hivi, na atatokwa na majimaji. Wapo waliokataa kutibiwa kwa sababu hiyo moja tu. "Sista, wiki nne? Nitamwambia nini?" Tulikuwa tunawapa karatasi ya maelezo waende nayo nyumbani, kana kwamba karatasi inaweza kusimama mlangoni na kujibu maswali. Kilichosaidia ni kahawa. Wazee wa baraza waliokuwa wakitazama sherehe kwa mbali tuliwapelekea birika, vikombe na kashata, tukamweka tabibu mwanamume mtu mzima akae nao. Hakuhutubia. Alicheza bao, akaongea habari ya siki na wiki nne kati ya kete na kete. Mwanamume akishayasikia mambo hayo barazani mbele ya wenzake, na wenzake wakayaona ya kawaida, mkewe akirudi na karatasi haikuti nyumba imewaka moto.

Hapo nimezungumzia afya. Sauti ni habari nyingine, na kwangu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu sherehe nyingi za wanawake nilizohudhuria wanawake wamekaa kimya. Wanapiga vigelegele, ndiyo. Wanaitikia "juu!" wakiambiwa "wanawake". Lakini saa zinaliwa na watambulishwao: fulani asimame, fulani apunge mkono, itifaki imezingatiwa. Mgeni rasmi anatarajiwa saa nne, anafika saa saba, na watoto wamelala migongoni. Sisi tulishaamua kufungua hema saa mbili asubuhi bila kumsubiri mtu. Akija atakuta kazi inaendelea, na kwa hakika picha zake zinakuwa nzuri zaidi.

Nafasi moja rasmi ambayo mwanamke wa kawaida anayo ni risala. Mimi naiheshimu risala. Imepitwa na wakati kwa lugha yake ya "ndugu mgeni rasmi, sisi wanawake wa kata hii tunayo furaha kubwa", lakini ndani yake kuna kifungu cha changamoto, na hapo ndipo mambo yanaposemwa mbele ya mtu anayelazimika kujibu. Mwaka mmoja kikundi cha kina mama ninachofanya nacho kazi waliandika kuhusu wodi ya wazazi ya kituo kimoja, ambacho sitakitaja. Maji hayakuwapo. Mama akishikwa na uchungu, ndugu zake walibeba madumu pamoja na kanga za mtoto. Risala ikaombwa ofisini ipitiwe kabla, kama ilivyo desturi. Ikarudi ikiwa na mstari mwekundu juu ya kifungu cha maji, na pembeni maandishi: haya tutayazungumza ndani.

Kina mama walisoma risala iliyokatwa, wakapiga makofi, wakakaa. Kisha ikafika zamu ya burudani. Na burudani hakuna aliyeomba kuipitia. Manju, kiongozi wa nyimbo, akatoka mbele na tari yake, akaanza polepole:

Twaja leba na madumu, kama twenda kisimani,
Mtoto atoke humu, aoge maji ya nani?

Waitikiaji wakaudaka mstari wa pili, wakaurudia, wakaurudia. Mgeni rasmi mwanzoni alicheka na kupiga makofi kwa mdundo. Kisha akaacha kupiga makofi. Akamwinamia mtu aliyekaa kulia kwake, na huyo akamwinamia wa nyuma yake, na mimi nikiwa mlangoni mwa hema nikaona swali likisafiri kwenye safu za viti kwa namna ambayo risala yoyote isingeweza. Ilipofika hotuba, akaahidi tangi. Tangi likaja baada ya miezi, jeusi, kubwa, likakaa kavu nje ya wodi bila bomba. Kwenye sherehe iliyofuata kina mama wakaongeza ubeti. Bomba likaunganishwa haraka kuliko tangi lilivyokuja.

Wengine wangeona huo ni ujanja mpya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mcheza lelemama hapahapa Tanga, na aliyokuwa akitusimulia ni hayohayo: jambo lisilosemeka barazani husemeka kwenye ngoma, na anayekasirika ndiye anayejitangaza. Mwaka 1955, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza alipowauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, Bibi Titi Mohamed ndiye aliyesimamishwa kuongoza, na hakuanza na fomu wala mikutano. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, akaenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake vya Dar es Salaam, na kila kiongozi akaja na watu wake. Vikundi vilikuwa na viongozi, waweka hazina, sare, kanuni na wapinzani. Hakukuwa na haja ya kuwaunda wanawake, walikuwa wameshajiunda. Na Tanga hii ndiyo iliyozaa vikundi vya Black Star na Lucky Star miaka ile taarabu ilipobadilika sura, na mwimbaji Shakila binti Said akatokea Pangani. Kwa hiyo nikiingia ofisini kuomba kibali cha sherehe nikataja ngoma, na afisa akatabasamu kwa sababu kichwani mwake kaona baikoko, ile ngoma ya kukata viuno, huwa nasubiri tabasamu limalizike, kisha naendelea.

Wimbo una faida nyingine ambayo niliielewa kupitia jambo baya. Kulikuwa na shirika moja lililodhamini sherehe ya Mei 23, siku ya kutokomeza fistula. Walimtaka mwanamke aliyepona atoe ushuhuda. Wakampata binti mmoja, mpole, aliyepata uchungu wa siku nyingi kijijini, akavuja mkojo kwa muda mrefu, kisha akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam na kupona kabisa. Alikubali. Ungekataaje, mbele ya watu waliokulipia nauli? Akapanda jukwaani, akaeleza yote, watu wakalia, simu zikarekodi. Wiki hiyohiyo video ikafika kwa wakwe zake wa ndoa ya pili, watu waliokuwa hawajui chochote. Sitaeleza yaliyofuata, ni yake. Ila toka siku ile nikiona kwenye ratiba kipengele kimeandikwa "ushuhuda dakika kumi", naomba kwanza kumwona huyo mtoa ushuhuda, peke yake, bila mdhamini. Namwuliza kama anataka. Namwuliza tena jana yake. Namwuliza asubuhi ya siku yenyewe, na namwambia akisema hapana hakuna atakayedai nauli.

Wengi, wakipewa nafasi hiyo, huchagua wimbo. Anamsimulia manju, manju anatunga, kundi zima linaimba, na hakuna anayejua ni kisa cha nani kati ya wale wote waliovaa kanga moja. Lakini wapo wanaotaka kipaza sauti na uso wao, na hao usiwazuie kwa jina la kuwalinda. Ninaye mmoja aliyekatwa titi. Alipanda jukwaani mwezi wa Oktoba, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa titi la kitambaa alilojishonea mwenyewe kwa mabaki ya kanga, akalipunga hewani: "Hili halinyonyeshi, lakini na mume halimtoroki!" Uwanja ulikufa kwa kicheko. Foleni ya meza ya matiti siku ile ilizunguka hema.

Na ipo sauti ambayo hakuna aliyeipanga. Chanjo ya HPV ilipoanza nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, uvumi ulifika kabla ya chanjo: inafunga kizazi, ni mpango wa wazungu. Uvumi uliibuka tena mwaka 2024 ilipopanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Mimi kwenye hadhara nilikuwa najibu kwa hoja za kitaalamu, na watu walikuwa wanatikisa kichwa kwa adabu tu. Bibi mmoja akasimama bila kuitwa. "Mimi nimezaa saba, sijachanjwa. Dada yangu alizaa saba, hakuchanjwa. Mimi nipo, yeye yuko kaburini kwa ugonjwa huohuo, na alinuka mpaka watoto wake walikuwa wanampelekea chakula wameziba pua. Mjukuu wangu atachanjwa kesho. Anayetaka kumzuia aje nyumbani." Akakaa. Sikuwa na la kuongeza, na nilikaa pia.

Sare nazo. Najua nitachukiwa, lakini kitenge cha Machi 8 kimewafungia nje wanawake wengi kuliko mume mkali. Kikundi kinapanga kitambaa, kinapanga fundi, bei inatajwa, na asiyeweza anajibanza. Haji kusema "sina hela." Anasema mtoto anaumwa. Siku ya sherehe utaona safu nzuri ya rangi moja kwenye picha, na wale tunaowatafuta zaidi, muuza samaki wa Deep Sea, mponda kokoto, binti aliyezalishwa na kuachwa, wako majumbani. Tulibishana sana kwenye kikundi. Wenye uwezo walisema sare ndiyo heshima ya sherehe, na kwa kweli bila sare ngoma hainogi, hilo siwezi kulikana. Tukaishia kukubaliana kwamba wachezaji wavae sare na watu wote wengine waje na kanga yoyote waliyonayo. Ikawa burudani ya peke yake: watu wakawa wanasomana majina ya kanga, kuna waliotupiana mafumbo, kuna waliokuja na kanga ya miaka ya zamani ambayo jina lake limefifia na kila mtu akawa anakisia.

Sherehe za hedhi salama, Mei 28, nazitaja kwa kifupi kwa sababu mimi huko ni mgeni. Ni kazi ya walimu. Ninalokumbuka ni hasira ya wasichana kuhusu bei. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka 2019 kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Msichana wa kidato cha pili alimwuliza mgeni rasmi kwa nini aadhibiwe yeye kwa kosa la mwenye duka. Mwalimu mkuu alikohoa. Mgeni rasmi akasema ni swali zuri, na hakulijibu.

Kuna jambo ambalo najivunia na halina hata picha. Usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ule wa m-mama, unapigiwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana hutumwa dereva wa jamii. Mabango yalikuwapo zahanati. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu usiku hayuko zahanati kusoma bango. Kina mama wakaitia namba hiyo kwenye kiitikio, moja, moja, tano, kwa mdundo wa kuchekesha, na watoto wa mtaani wakaudaka wakawa wanauimba wakiruka kamba. Takwimu za kitaifa zinasema vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Sababu ni nyingi: madaktari, damu, barabara, vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwenye vituo vya afya. Wimbo wetu sitaupa sifa usiyostahili. Lakini nimempokea mama leba saa nane za usiku, chupa ya uzazi imeshapasuka, na aliyepiga simu alikuwa mtoto wake wa miaka tisa.

Kazi yenyewe huanza turubai likishakunjwa. Aliyeonekana ana weupe mkubwa, au kitu kinachotisha, hatibiwi hemani; anaandikiwa rufaa. Rufaa ni karatasi. Nauli ya basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam si karatasi, wala mahali pa kulala, wala mtu wa kumwachia watoto. Wadhamini wanapenda kulipia mahema, maji ya chupa na fulana. Nimewaomba mara nyingi walipie nauli, na jibu ni kwamba nauli haimo kwenye bajeti ya tukio. Mwishowe kikundi chenyewe kikaweka sanduku ndani ya VICOBA yao, kikundi chao cha kuweka na kukopa, fungu la rufaa, kila mwanachama anatia kidogo kila wiki pamoja na hisa. Fungu si kubwa. Linatosha kumpeleka mtu na msindikizaji wake, na mara moja lilitosha kumrudisha maiti. Daftari la majina analo mweka hazina, nami nina nakala, na kila Jumatatu tunapiga simu: umefika? walikuambiaje? lini unarudi? Wapo wanaokata simu. Tunampa kungwi namba, yeye hakatiwi.

Sasa hivi tuna ugomvi wa tarehe. Mwaka 2025 Machi 8 iliangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka 2026 vilevile. Ofisini sherehe ni sherehe, tarehe haisogezwi. Lakini Tanga wakati wa Ramadhani tari zinatundikwa, manju haimbi, na wanawake waliofunga hawataki kuguswa na spekulamu, maana wengi wanaona uchunguzi wa ndani unaharibu funga. Tulifanya ya 2025 kama ilivyopangwa: hotuba, keki iliyosubiri magharibi, na hema lililopima presha tu. Kikundi kikasema hakirudii. Wanataka siku yao baada ya Idd, na ofisi ikitaka Machi 8 ifanye Machi 8. Kikwazo kilichobaki ni kwamba baada ya Idd ndio msimu wa arusi, kundi la ngoma limeshachukua malipo ya awali kila Jumamosi na Jumapili, na manju anasema hawezi kurudisha hela ya watu. Tumemwomba Alhamisi. Anafikiria.